Mlango wa sitaha niliouhamisha sentimita 60

Mashua yangu ni ya faibaglasi, urefu wake mita 6.5, na tangu nilipoinunua hapa Mtwapa mlango wa sitaha ya mbele, yaani tundu lenye kifuniko, ulikuwa umewekwa karibu mno na omo, ncha ya mbele ya chombo. Kila nilipotoka nje ya mwamba wakati wa kusi na kupiga bisho, yaani kwenda dhidi ya upepo, maji yaliyopanda sitahani yaliufikia kabla ya kitu kingine chochote, yakapenya pembezoni mwa kifuniko na kuishia kwenye godoro. Nilibadilisha mpira wa kifuniko mara mbili kabla ya kukubali kwamba kasoro haikuwa ya mpira bali ya mahali.

Kuchagua mahali papya hakukunichukua muda mrefu. Mlango ulipaswa kubaki katikati, kwa kuwa ulio ubavuni hukaribia maji chombo kinapolala upande, na haukuweza kusogea nyuma zaidi ya sentimita 60 bila kuukata mhimili unaobeba uzito wa mlingoti. Bawaba niliziacha upande wa omo ili wimbi likija likifunge kifuniko badala ya kukifunua, ingawa kwa joto la pwani yetu nakiri kwamba usiku, nikiwa nimetia nanga, naukosa upepo ambao mlango unaotazama mbele ungeuingiza ndani.

Kazi yenyewe ilikuwa kuliziba tundu la zamani. Sitaha ya namna hii ni ngozi mbili za faibaglasi zilizobana mti mwepesi wa balsa katikati, na balsa haina madhara yoyote mpaka maji yaifikie. Aliyeufunga mlango ule wa kwanza alipitisha skrubu moja kwa moja bila kuzikinga kingo, kwa hiyo nilipoung'oa nilikuta balsa imekuwa nyeusi, laini, kama majani ya chai yaliyokamuliwa. Niliigonga sitaha kwa mpini wa nyundo, nikifuata sauti butu ya mti uliolowa, na upande wa kulia nililazimika kukata sentimita 15 zaidi kabla ya kukutana na mti mkavu.

Nilikuwa nimepanga kutumia kipande nilichokikata kwenye tundu jipya kulizibia la zamani, kwa kuwa kina unene uleule na ngozi zilezile. Baada ya kuondoa uozo kikawa kidogo, nami nikaongezea balsa mpya kwenye pengo. Tena mbinuko wa sitaha karibu na omo si sawa na wa karibu na mlingoti, hivyo kipande kilisimama juu kwa milimita 4 upande mmoja, na ilibidi nikilazimishe kwa mbao na vigingi hadi gundi ikauke. Kingo zote nilizichonga kwa mteremko wa mara 12 ya unene wa ngozi, yaani karibu sentimita 5, ili tabaka mpya za kitambaa cha faibaglasi zishike eneo pana. Fundi mmoja wa majahazi aliyepita aliniuliza kwa nini ninahangaika hivyo wakati ubao ungetosha. Kwa chombo chake angekuwa amesema kweli.

Epoksi, gundi ya kuchanganya inayoganda ikawa ngumu, niliichanganya alfajiri, kidogo kidogo, katika sinia bapa. Ikiachwa imejaa kopo refu katika joto letu huchemka yenyewe na kutoa moshi kabla hujaipaka, jambo nililojifunza kwa kupoteza kopo zima.

Pembe za tundu jipya nilizikata kwa mviringo, kwa maana pembe kali huanzisha ufa. Kisha nilichokoa balsa sentimita 3 kuzunguka ukingo wote na kujaza epoksi nzito. Kila tundu la bolti nalo nilitaka kulitoboa kubwa, kulijaza epoksi, kisha kulitoboa upya kwa kipimo chake, ili bolti isiguse mti. Fremu niliilaza juu ya utepe wa butili, mpira laini unaonata, na kuikaza taratibu kwa siku tatu, butili ikijisambaza na kukamuka pembeni.

Nilimwaga ndoo sita za maji. Tone lilitokea kwenye bolti moja tu, ya kona ya kushoto, ambayo nilikuwa nimeitoboa jioni nikiwa na haraka, bila kulipanua tundu lake wala kulijaza epoksi kama mengine.