Mguu Juu ya Kiatu Changu

Mpwa wangu ameichimbua filimbi ya bati kutoka droo ya nyaya na betri zilizokufa. Kaipuliza mara moja, ikalia kama birika. "Mjomba, imeharibika?"

Haijaharibika, baba. Filimbi hii ina matundu sita tu. Ikipiga kelele hivyo, ujue kuna tundu halikuzibwa vizuri, na mara nyingi ni la kidole cha pete. Laza kidole, usizibe kwa ncha. Pumzi ndogo inakupa sauti za chini. Ongeza pumzi, vidole viwe palepale, inaruka oktavu nzima, yaani noti zilezile kwa sauti ya juu. Kajaribu, imetulia. Kisha kaniuliza swali ambalo sikulitarajia: muziki wa filimbi hii, mtu anaanzia wapi kuusikiliza?

Filimbi yenyewe niliinunua Ennis, mkoa wa Clare, magharibi ya Ireland, asubuhi baada ya usiku nilioingia baa moja ya pale na kukuta watu wakipiga muziki huu. 

Nilikaa kwenye stuli iliyokuwa karibu mno na meza ya wapigaji. Fidla mbili, kodiani ya vifungo, filimbi nene ya mbao, na bodhrán, ambayo mtu wa pwani angeiita dufu bila kusita: fremu ya mbao na ngozi ya mbuzi, ila wao huipiga kwa kijiti, na mkono wa kushoto unaisukuma ngozi kwa nyuma ili sauti ipande na kushuka. Hakuna jukwaa wala kipaza sauti. Mmoja anaanza, anayeijua lahani anaingia, asiyeijua anakunywa. Walikuwa kwenye jigi, aina ya lahani ya kuchezea. Nikasikia sita za chakacha, nikajiona nimefika nyumbani, nikaanza kupiga makofi.

Jigi kweli ni ya sita, lakini sita zake zimekatwa tatu-tatu, na mguu unakanyaga kwenye ya kwanza na ya nne. Makofi yangu yalikuwa yanaangukia ya kwanza, ya tatu na ya tano. Wao mbili, mimi tatu, ndani ya mizani ileile. Harusini kwetu hilo ndilo pambo. Pale lilikuwa mchanga kwenye wali. Mwenye dufu alinitazama, kisha akaitazama dari.

Mzee wa fidla aliyekuwa ubavuni kwangu hakuniangalia. Upinde wake haukusita. Alinyoosha mguu tu, akauweka juu ya kiatu changu, akakandamiza. Mbili. Mbili. Mbili. Kama fundi anayekanyaga cherehani, bila haraka, soli yake ngumu juu ya vidole vyangu, na uzito ukiongezeka kidogo kila nilipojaribu kurudi kwenye tatu zangu. Mikono yangu ilibaki hewani, sijui niishushe wapi. Nilisikia harufu ya moshi kwenye koti lake, moshi wa mboji kavu wanayochoma kule kama kuni. Mara lahani ikageuka bila mtu kusimama, na mguu ukaanza kukandamiza tatu: walikuwa wamehamia slipu jigi, ambayo ni tisa zilizokatwa mara tatu. Kisha ikageuka tena, ikawa rili, mapigo ya nne yanayokimbia. Hapo ndipo alipouondoa mguu wake. Wangu ulikuwa umeshaanza kukanyaga wenyewe.

Walipopumzika akaniambia nimwonyeshe tena yale makofi. Nikampigia polepole. Akajaribu mezani, akakosea mara mbili, ya tatu akapata. "Mazuri," akasema, "lakini mchezaji wangu ataanguka." Muziki ule umeundwa kuwabeba wachezaji, na viatu vyao vigumu vinagonga sakafu palepale mguu wa mzee ulipokuwa ukikandamiza. Nilikuwa napigana na miguu ya watu ambao hata hawakuwapo chumbani.

Kwa hiyo jibu langu kwa mpwa ni kwamba uanze na mguu. Sharti la pili ni kuijua nyumba. Lahani nyingi zina sehemu mbili za mizani 8. Ya kwanza hupigwa mara mbili, ya pili mara mbili, jumla 32. Kwa mwendo wa kuchezesha watu, mzunguko mzima huchukua kama sekunde 35. Huzungushwa mara mbili au tatu, halafu wanavuka kwenda lahani nyingine. Mgeni asiyejua kuhesabu husikia dakika kumi za kitu kimoja kisichoisha, akalaumu muziki. Rudia lahani moja wiki nzima mpaka ujue inapogeuka, ndipo uende nyingine.

Nimemwekea kipande cha kwanza cha albamu ya kwanza ya kundi la The Bothy Band, ya 1975, kwa sababu kinafuata njia ya usiku ule: kinaanza na jigi iitwayo The Kesh, kinapita slipu jigi, kinamalizia na rili. Kisha albamu ya 1973 ya kundi la Planxty, pale wimbo wa kwanza unapokwisha na zumari ya Liam O'Flynn inaingia. Zumari hiyo haipulizwi kwa mdomo. Upepo unatoka kwenye mvukuto chini ya kiwiko, na jina lake, uilleann, lina kiwiko ndani yake. Akizoea, nitampa Michael Coleman wa Sligo, aliyerekodi fidla New York kwenye santuri za mizunguko 78 kwa dakika. Zinakwaruza, na zimekatwa kwenye dakika tatu maana upande wa santuri ndipo ulipoishia, lakini wapigaji wa Ireland yenyewe walizinunua na kumwiga hadi mitindo ya vijiji vyao ikaanza kufifia. Martin Hayes wa fidla na Dennis Cahill wa gitaa ni wa baadaye; rekodi yao ya Seattle ina kipande kinachozidi dakika 20, na ukikianza bila kujua kuhesabu utalala.

Aepuke mikusanyo iliyoandikwa "Kikelti" yenye picha ya ukungu na kinubi cha kompyuta. Pale Ennis sikusikia mtu akilitamka neno hilo. Lina maana tu unapotoka Ireland: Scotland kuna strathspey, lahani ya kuchezea yenye noti fupi inayoirukia ndefu, Bretagne, Ufaransa, waimbaji wawili hupokezana, wa pili akidaka silabi za mwisho za wa kwanza kabla hazijatua. Hicho mtu wa kwetu hahitaji kufundishwa.

Haya yote nilikuwa namweleza huku The Kesh ikilia. Nilipogeuka, kaiweka filimbi chini, anapiga makofi. Ya kwanza, ya tatu, ya tano. Tatu juu ya mbili, safi kabisa, hakuna aliyemfundisha.

Mguu wangu ulikuwa sentimita chache tu kutoka kwake. Nimeuvuta chini ya kiti.