Nungunungu chini ya stoo ya korosho

Nungunungu hafukuzwi kwa fujo. Nalisema mapema kwa sababu hapa Newala kila mtu ana dawa yake ya nungunungu, na karibu zote ni za fujo: moshi, sumu, mbwa, vijana wenye mapanga.

Wangu walikaa chini ya stoo ya korosho aliyoijenga marehemu mjomba. Msingi wake ni wa mawe, saruji alibania, na udongo wa huku juu ni kichanga, ukianza kuufukua unakufuata wenyewe. Mihogo ndiyo iliyonishtua. Mwizi wa miguu miwili hung'oa shina zima akaenda zake. Huyu alifukua pembeni, akala mzizi, akaliacha shina limesimama, ukipita kwa mbali unaona shamba halina neno. Na sisi muhogo tunauacha ardhini miezi mingi, ndiyo ghala letu, kwa hiyo mtu anaweza kuliwa akiba yote na asijue mpaka siku ya kuchimba makopa.

Nyuma ya stoo nikaliona shimo. Mdomoni pana mwiba mmoja mweusi na mweupe, na mfupa wa mbuzi uliotafunwa mpaka ukapungua. Mwanangu akaogopa akidhani ni fisi. Hapana, ndiyo kawaida ya nungunungu: chakula chake ni mizizi, magome na mazao yetu, lakini mifupa huitafuna kwa ajili ya madini yake, na meno yake ya mbele hayaachi kukua, lazima ayasage kwenye kitu.

Habari ikafika kwa shemeji kabla sijamaliza kufagia. Akaja na pilipili kavu na gunia la maganda ya korosho, ambayo moshi wake unawasha macho hata bila pilipili. Akawasha mdomoni mwa shimo, akapepea kwa ungo. Moshi ukapita kwenye nyufa za sakafu ukajaa stoo, tukatoka wote tunakohoa, shemeji akiwa mbele. Aliyeko shimoni hakutoka. Faida moja tuliipata: moshi mwingine uliibukia chini ya mkorosho wa zamani, hatua kadhaa kutoka hapo, kwenye majani makavu. Mlango wa pili ndio huo. Nungunungu mwenye mlango mmoja sijamsikia.

Mtani wangu, Myao wa Masasi, akashauri nijaze maji mpaka waelee. Maji! Newala! Mji ambao tunakinga ya mvua kwenye visima vya saruji na kuyapima kwa kata, nikamwagie mnyama shimoni? Nikamwambia aje na ya kwao.

Kuhusu sumu sikutaka hata mjadala. Nina kuku, paka na wajukuu wa jirani wanaookota kila kitu. Na mnyama wa kilo kumi na tano akifia chini ya sakafu ya stoo wakati wa korosho, ule mzigo nani ataugusa? Mbwa nao niliwakataa. Nungunungu harushi miba kama wanavyosimulia vijiweni, lakini anakugeuzia mgongo na kurudi nyuma kwa nguvu, miba inabaki usoni mwa mbwa.

Nikaenda kwa afisa wanyamapori wa wilaya, ambaye wazee bado wanamwita bwana nyama. Akanikumbusha kuwa tuna Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, na mnyamapori hauawi wala hategwi bila kibali, awe tembo au nungunungu. Kumwacha atoke mwenyewe kisha nikaziba kwangu, hilo akasema halina shida. Sikumkalisha sana. Wenzetu wa Liwale na Nachingwea wanaamka na tembo shambani, mimi na mnyama wa chini ya stoo nikaona aibu kulia.

Usiku mwanangu akanisomea ushauri wa Wamarekani kwenye simu. Wao wana mnyama mnene wa jamii ya kindi, anachimba chini ya vibanda vyao vya bustani, anakula mchana, na kipindi cha baridi analala miezi kadhaa. Wa kwangu hajui baridi wala kulala msimu, na mchana humwoni. Lakini fundi ni fundi: wavu unaofukiwa ardhini na kukunjwa kwa nje, hilo niliona linafaa huku pia.

Kwanza nilimwaga majivu kwenye milango yote miwili jioni. Asubuhi nyayo zilikuwa za wakubwa wawili na ndogo za mtoto, zote zikitoka na kurudi. Hizo ndogo ndizo nilizokuwa nazisubiri. Nungunungu huishi dume na jike pamoja na watoto wao, na mtoto mchanga hubaki shimoni wiki kadhaa kabla ya kuanza kufuatana nao. Ukiziba kabla yake, umemzika, na mama atafukua msingi wako wote kumrudia.

Mlango wa chini ya mkorosho niliuziba kwa mawe na udongo uliopondwa. Wa nyuma ya stoo fundi wa kuchomelea alinitengenezea kilango cha nondo nyembamba chenye bawaba juu: ukikisukuma kutoka ndani kinafunguka, ukitoka kinajifunga. Wavu wa kuku usijaribu, wataukata. Usiku tulisikia miba ya mkiani ikichakarika, kisha bati la kibanda cha kuku likagongwa. Majivu yakawa yananionyesha nyayo za kutoka tu. Niliongeza siku kwa tahadhari, kisha nikafukia kwa mawe makubwa, na kuzunguka msingi nikachimbia wavu wa nondo kina cha mkono mzima, chini umekunjwa kwa nje, ili anayechimba aukute kila anapoanzia.

Walikoelekea ni kwenye mteremko wa bondeni, nyayo zilipotelea huko. Shambani mihogo mitamu sasa naipanda kati, pembezoni michungu. Michungu nayo wakikosa kabisa wanaigusa, ila mitamu ndiyo wanayoianza.

Gharama kubwa ilikuwa nondo na fundi, na bado ni ndogo kuliko gunia moja la korosho lililoharibika. Shemeji anadai mgawo wa miba kwa kazi ya moshi. Nimempa ule mmoja wa mlangoni. Analalamika ni mfupi.