Nyumba ya Tabata imeuzwa leo

Mchana huu mkataba wa mauziano umesainiwa mbele ya wakili. Vyumba vitatu, Tabata, hati miliki ipo.

Wengi hudhani kazi ya dalali ni kuleta mteja. Mteja huja mwisho.

Kabla ya tangazo kutoka, tulifanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi: jina la mmiliki, rehani ya benki, zuio la mahakama. Likaonekana deni la kodi ya pango la ardhi. Likalipwa kwanza, maana likiibuka wakati mnunuzi ameshika fedha, atashusha bei au ataondoka.

Kisha mthamini aliyesajiliwa. Bei ya kusikia kwa jirani inaponza sana.

Ila leo uzito ulikuwa kwenye fomu ya ridhaa ya mwenzi, yaani mke au mume kukubali kwa maandishi nyumba iuzwe.

Mama mwenye nyumba aliisoma yote, kidole kikifuata mstari kwa mstari. Akainua uso: "Fedha zinaingia akaunti ya nani?"

Mkataba ulitaja akaunti ya mumewe peke yake. Wakili akakirekebisha kipengele, ikawa akaunti yao ya pamoja. Ndipo akasaini.

Alikuwa na haki kabisa. Bila ridhaa yake, mauzo ya nyumba ya familia yanaweza kupingwa mahakamani na kubatilishwa.

Sasa zinafuata fomu za uhamisho wa ardhi namba 29, 30 na 35, kodi ya ongezeko la mtaji (kodi ya faida ya mauzo) TRA, halafu uhamisho wa umiliki.

Ndugu zangu mliowahi kuuza nyumba, karatasi gani iliwakwamisha? Andikeni hapa chini.