Binti wa Sita Ndiye Aliyeniokoa

Nilipokikuta kijitabu changu cha mirathi kinauzwa sokoni Mwanjelwa, Mbeya, kwa kama elfu mbili, jalada jipya, jina langu limeyeyuka, kila mtu alikuwa na ushauri. "Ustadhi, elimu ya dini haina mwenyewe. Ukiizuia utavishwa hatamu ya moto!" Hadithi hiyo inamhusu aliyeulizwa elimu akaificha. Mimi nafundisha bure kila Jumamosi, nimeficha nini?

Nikajifanya wakili. Nikaenda kwa kijana wa stesheneri aliyekuwa akikitoa, na azimio namba 43 la Majmaa ya Fiqhi ya Kimataifa, baraza la wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, la Kuwait, mwaka 1988: uandishi, uvumbuzi na alama ya biashara ni haki za wenyewe, zina thamani ya mali, na ni haramu kuzivamia. Nilimsomea lote, na Kiarabu chake. Akaendelea kudurufu. Nilipomaliza akasema, "Hizo karatasi nikutolee nakala ngapi?"

Halafu akanichoma: "Mirathi imo Suratun Nisaa. Wewe umeandika nini?" Nilikosa usingizi, maana aya kweli si zangu. Changu ni mpangilio, majedwali na mifano.

Mifano! Kuna marehemu wangu wa Uyole, kaacha gunia 48 za viazi, mke, mwana mmoja na mabinti watano. Mke thumni, yaani moja ya nane, gunia 6, mwana 12, kila binti 6. Ila usiku ule nilichapa kwa kusinzia, nikaandika mabinti sita.

Baada ya Isha nikamwomba mzee mmoja, karani wa zamani wa ushirika, amkalishe kijana barazani. Sikusema neno. Nikampa mzee kijitabu cha kijana, nikamwomba agawe viazi. Akahesabu kwa vidole, akavua miwani. "Mjukuu wangu, gunia zimekuwa 54. Hizi sita zimeota kaburini?" Nikatoa daftari langu la mkono, lenye mabinti watano, na chapa yangu ya kwanza, yenye sita: kosa langu kalinakili lilivyo. Baraza zima lilicheka, mimi pia, japo aibu ilikuwa yangu nusu.

Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 ipo, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, wapo, lakini nilitaka yaishe pale pale. Tukaandikiana: jina langu lirudi, na kila nakala nipate mia tatu hivi. Waislamu hufuata masharti yao, mzee akasaini shahidi.

Toleo jipya lina mabinti watano. Marehemu kaongezewa mbuzi mwenye jina, asiyerithiwa na yeyote. Jina lake siwaambii.