Kumbukumbu ya mradi wangu: kuhesabu upya ushindi wa IndyCar, na Foyt aliyegoma kufika 67

Wiki ya kwanza

Haya jamani nimeanza rasmi. Kila mwaka nilikuwa nasema ntafanya, ntafanya, safari hii nimefungua faili kabisa.

Kisa chenyewe ni mdogo wangu. Tulikuwa tunaangalia marudio ya mbio za IndyCar, yale magari ya kiti kimoja ya Marekani, za kiwanja cha Mid-Ohio Julai 2025, ile dereva Palou anaongoza halafu mizunguko michache kabla ya mwisho anateleza nje ya barabara, Dixon anapita anaondoka na mbio. Huo ulikuwa ushindi wa 59 wa Dixon, mbele yake kabaki A.J. Foyt peke yake mwenye 67. Basi mi nikaanza kumwaga namba kama kawaida yangu, Mario Andretti 52, Will Power 45, Michael Andretti 42, Al Unser 39, Bourdais 37, Bobby Unser 35, nazijua hizi kuliko namba ya kitambulisho changu. Dogo kanisikiliza mpaka mwisho halafu akauliza, "Sasa braza, hizo nani kahesabu?"

Nikakosa jibu. Yaani miaka yote naangalia haya magari, Indy 500, zile mbio zao kubwa za maili 500 za Indianapolis, huku Dar inaanza saa mbili kasorobo usiku na siku hiyo kwangu hakuna mtu anashika rimoti, lakini sijawahi kujiuliza nani kahesabu. Ndo nikasema ngoja nihesabu mwenyewe, mbio moja mstari mmoja: tarehe, kiwanja, chama kilichosimamia, mshindi. Halafu fomula ihesabu majina, kwisha.

Kwisha my foot, kama angesema babu wa mtaani kwetu. Hapo kwenye "chama kilichosimamia" ndo kuna kazi. Mwanzo walikuwa AAA, ndo walewale chama cha wenye magari wa Marekani wanaokuja kukuvuta ukiharibikiwa njiani, hao ndo walisimamia mbio mpaka 1955. Mwaka huo Bill Vukovich alifariki kwenye Indy 500, chini ya wiki mbili baadaye ikaja ile ajali ya Le Mans kule Ufaransa iliyoua watazamaji zaidi ya 80, AAA wakanawa mikono. 1956 wakaingia USAC, chama kipya. 1979 wenye timu wakagombana na USAC wakaanzisha CART yao. 1996 ugomvi mwingine, yakazaliwa mashindano mapya ya IRL, na CART baadaye ikageuka Champ Car. 2008 wakaungana. Kwa hiyo hiyo "IndyCar" tunayoisema kama kitu kimoja ni familia ya mirathi kabisa, na daftari la ushindi limepita mikono yote hiyo.

Wiki ya pili

Umeme ulikatika mara mbili na mara moja sikuwa nimesevu. Tuendelee.

Nimeanza kujaza kuanzia 1956 maana enzi za AAA zinanitisha. Foyt anaanza na DuQuoin, Illinois, Septemba 1960, kiwanja cha udongo cha maili moja, hakuna lami hapo ni vumbi tu mpaka kwenye meno. 1964 jamaa alishinda mbio 10 kati ya 13, nilivyokuwa naandika jina lake nilianza kuhisi nimekopi mstari kimakosa, nikarudi kuangalia, hamna, ni yeye tena, na tena.

Fomula ilivyotoa majibu ya kwanza nilicheka sana. Al Unser kapata 73! Kampita Foyt! Kumbe niliiambia itafute kila seli yenye maneno "Al Unser" na ikamchukua baba pamoja na mtoto wake Al Unser Jr., 39 za mzee na 34 za kijana. Dereva Castroneves naye akatoka watu wawili, maana miaka ya mwanzo jina lake liliandikwa Castro-Neves kwa kistari halafu baadaye likaungana, na kompyuta haina habari kwamba mtu anaweza kubadilisha jina akabaki yuleyule. Nimemuunganisha sasa, 6 za CART na 25 za upande wa IRL na IndyCar, jumla 31, sawasawa na Franchitti na Paul Tracy.

Hayo ni makosa ya kawaida. Tatizo ni Foyt mwenyewe. Nimehesabu mara tatu, anatoka 60.

Bado wiki ya pili, usiku wa manane

60. Saba zimeenda wapi?

Nimekaa na chai mpaka imepoa. Nikaanza mwaka kwa mwaka nikilinganisha na maisha yake, na 1979 ndo ikanifumbua macho. Kwenye faili langu kuanzia 1979 nilikuwa nimeandika mbio za CART tu, maana nilijua CART ndo ilikuwa kubwa na bingwa wao mwaka huo ni Rick Mears. Lakini USAC hawakufa siku ileile bwana, waliendesha msimu wao mfupi wa mbio 7 na Foyt alibaki nao, akashinda 5 na ubingwa juu, ubingwa wake wa saba. Tano hizo hapo.

Ya sita ni Pocono, Juni 1981, na hii ndo imenikaa kichwani. Timu nyingi za CART ziligomea zile mbio kwa sababu zilikuwa za USAC, uwanja ukabaki na mapengo, wakajazia magari yaliyotengenezwa kukimbia kwenye udongo. Mvua ikanyesha mbio zikakatwa kabla ya mwisho. Foyt akashinda. Huo ndo ushindi wa 67, wa mwisho kabisa, namba ambayo Dixon anaifukuzia mpaka leo ilifungwa siku wapinzani wengi hawakuja kazini.

Dogo nilivyomwambia akasema basi ifutwe. We! Nikamwambia waliogoma waligoma wenyewe, bendera ilipigwa, mizunguko ilihesabiwa, chama kilichokuwa na haki ya kutoa pointi kilitoa. Ukianza kufuta mbio kwa sababu wapinzani walikuwa dhaifu hutabakiza hata mia kwenye faili zima.

Ya saba nilijiumiza mwenyewe. Kabla ya 1979 nilikuwa nafuta kila mbio zilizofanyika Ulaya na Japani nikidhani zote ni za maonyesho, kama zile za Monza Italia 1957 na 1958, au Fuji Japani 1966 alizoshinda Jackie Stewart, hizo kweli hazikuwa na pointi. Kumbe 1978 USAC walienda Uingereza mara mbili na pointi zao mkononi. Brands Hatch akachukua Mears, Silverstone akachukua Foyt.

5 na 1 na 1. 67. Nimelala saa kumi alfajiri nikiwa na amani kama mtu aliyelipwa deni.

Wiki ya tatu

Mario Andretti 51 badala ya 52. Jamani.

Huyu hakunichukua muda kwa sababu sasa nilishajua kwamba kosa ni langu, siyo lao. 19 za CART zipo zote, kuanzia ya kwanza mpaka ile ya Phoenix 1993 akiwa na miaka 53. Iliyokosekana ni upande wa USAC, na ni ya 1969, na siyo mbio kama unavyofikiria mbio. Ni Pikes Peak, mlima wa Colorado. Unapanda peke yako kwenye barabara ya udongo, kama kilomita 20 kwenda juu, mwenye muda mdogo kashinda. Hakuna wa kumpita hakuna wa kukupita. Nilikuwa nimeitoa hiyo ya 1969 kwenye orodha kwa kujiamini kabisa, nikaandika pembeni "hii siyo". Lakini miaka ile USAC waliihesabu kwenye ubingwa, na Mario alishinda 1969, mwaka uleule aliochukua Indy 500. Tena Al Unser ushindi wake wa kwanza kabisa kwenye haya madaftari ni hukohuko mlimani, 1965. Nimeirudisha na nimefuta yale maneno ya pembeni kwa aibu.

Napenda sana wazo hilo, kwamba Dixon akipambana kwenye mitaa ya Long Beach anafukuzana na watu waliopata namba zao kwenye udongo wa Illinois na mlima wa Colorado. Na yeye mwenyewe ushindi wake wa kwanza, 2001 akiwa na miaka 20, wakati huo yuko CART, aliupata Nazareth, Pennsylvania. Mji wa nyumbani wa Mario! Akaanzia kuhesabu mlangoni kwa mzee, miaka 21 baadaye akampita, Nashville, Agosti 2022, ushindi wa 53.

Wiki ya nne

Sasa jumla. Nilijua idadi ya ushindi lazima ilingane na idadi ya mbio, si ndo akili ya kawaida, lakini nilipoingiza Indy 500 za enzi za AAA ushindi ukazidi mbio kwa mbili. Ni 1924 na 1941. 1924 L.L. Corum alikuwa anaendesha, wakamtoa katikati, Joe Boyer akakaa kwenye gari lilelile akamaliza wa kwanza. 1941 Mauri Rose gari lake liliharibika, akahamia la Floyd Davis akashinda nalo. Miaka yote miwili wameandikwa wote wawili kuwa washindi. Nimelazimika kuongeza kolamu ya "mshindi wa pili", ambayo kwa Kiswahili inasomeka vibaya mno maana kila anayefungua faili anadhani ni aliyeshika nafasi ya pili. Nimeibadilisha ikawa "mshindi mwenza".

Halafu kuna kolamu nyingine nimeiita "waliobadilishiwa". Hii ndo naifurahia kuliko zote.

Indy 500 ya 1981, Bobby Unser kamaliza wa kwanza, kesho yake asubuhi matokeo yakabandikwa na jina la Mario Andretti juu, kwa sababu Bobby alipita magari wakati wa bendera ya njano, ambapo kupitana hakuruhusiwi, akitoka piti, pale wanapobadilisha matairi. Wakakata rufaa, miezi ikapita, Oktoba Bobby akarudishiwa ushindi akapigwa faini ya dola 40,000. Hebu fikiria ingebaki kwa Mario: yeye angekuwa na 53 na Bobby 34, na Dixon pale Nashville asingempita mtu, angekuwa kalingana naye tu.

Texas 1997, hii ni sinema. Mfumo wa kuhesabu mizunguko ulikosea, Billy Boat wa timu ya Foyt akapelekwa kwenye jukwaa la washindi, Arie Luyendyk akaja kulalamika kwamba mshindi ni yeye, Foyt akamtandika kofi palepale. Kesho yake wakahesabu upya, kweli mshindi ni Luyendyk. Kombe Foyt hakurudisha. Yaani mtu mwenye rekodi kubwa kuliko wote kwenye faili langu anashikilia kombe la mbio ambazo faili langu linasema gari lake halikushinda. USAC walinyang'anywa kazi ya kusimamia IRL muda mfupi baadaye. Boat, kuwapa raha mashabiki wake, alirudi Texas 1998 akashinda kihalali, na ndo ushindi wake pekee.

Na ya juzijuzi, St. Petersburg ya Florida, Machi 2024. Newgarden alishinda, tukasherehekea, wiki sita baadaye ikagundulika kitufe cha kuongeza nguvu ya injini kilikuwa kinafanya kazi kwenye magari ya timu yao wakati ambao hakiruhusiwi, wakamfuta, ushindi ukaenda kwa Pato O'Ward. Kwa hiyo Newgarden alimaliza 2025 na 32, siyo 33.

Wikendi mbili nimeziwekea rangi ya njano siyo kwa ugomvi, ni kwa sababu zinachekesha. Mei 26, 1996, siku moja: Buddy Lazier anashinda Indy 500 ya IRL, na Jimmy Vasser anashinda maili 500 nyingine ya CART kule Michigan, zote mbili zinahesabiwa. Na Aprili 2008, wameshaungana lakini ratiba zimegongana, Danica Patrick anashinda Motegi Japani, mwanamke wa kwanza kushinda mbio za IndyCar, na wikendi hiyohiyo Will Power anashinda Long Beach. Moja kati ya 45 za Power ni hiyo.

Hali ya sasa

Kuanzia 1920 mpaka 2025 nimeshajaza, ila hiyo 1920 ina seli moja yenye majina mawili: ubingwa ulitolewa kwa Gaston Chevrolet, aliyeshinda Indy 500 mwaka huo na kufariki Novemba kwenye kiwanja cha mbao cha Beverly Hills, halafu miaka kadhaa baadaye watu wa AAA wakakaa ofisini wakapiga upya hesabu za pointi, akatoka Tommy Milton. Nimemwacha Chevrolet juu. Alikabidhiwa na waliokuwepo.

Kabla ya 1920 ni rangi ya kijivu tupu. Msimu wa 1916 una pointi zake halali, bingwa Dario Resta, lakini mabingwa wengi wa miaka ya jirani walipatikana kwa hesabu za baadaye kama hizo za Milton, na sijaamua kama nawaingiza kwenye jumla.

Dogo jana kafungua faili akataka kunisaidia kusafisha. Kafika kwa Dixon akaona mistari minane mitupu chini ya Mid-Ohio 2025, akaniuliza, "Braza hii nifute?"

Nimemwambia aiache kama ilivyo.