Nizwa siku ya Ijumaa

Jamani, mkifika Oman msiishie Maskati. Ingieni bara hadi Nizwa. Barabara pana, laini, hata usingizi haukolei mmeshafika. Nendeni Ijumaa asubuhi, siku ya mnada wa mbuzi. Wauzaji wanazunguka duara, kamba mkononi, wakinadi bei. Ukimpenda mnyama unamsimamisha muuzaji, unamfunua mbuzi mdomo unakagua meno. Mzee mmoja, kanzu nyeupe na jambia kiunoni, akanigeukia kwa Kiswahili cha Unguja kabisa: "Wa wapi wewe, mwanangu?" Nikacheka! Kumbe kakulia Zanzibar.

Ngome yenye mnara wa duara ni ya karne ya 17, ya Imamu Sultan bin Saif, mtawala wa Oman wa wakati huo. Juu ya milango ya ngazi kuna matundu ya kummwagia adui asali ya tende inayochemka. Falaj Daris, mfereji ulio kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006, bado unanywesha mitende.

Mtaa mkongwe wa Al Aqr nao umeamka: nyumba za udongo zimegeuzwa nyumba za wageni na mikahawa. Pazuri, ila bei za kahawa zao, mh! Mie nilirudi sokoni kwenye kahawa chungu na tende.