Tairi la 28 kwenye ringi ya 27

Gurudumu la nyuma la baiskeli yangu lilianza kuruka wiki ileile nilipofunga tairi jipya. Si kuyumba kushoto na kulia. Lilikuwa linaruka, linaninyanyua na kunishusha kila linapomaliza mzunguko, na nikiongeza mwendo ndivyo linavyozidi kunirusha. Nilikuwa nafika kazini kiuno kinauma, na chupa ya uji niliyoiweka kwenye kikapu cha mbele imemwagika nusu.

Ilikuwa mwaka 2011. Nilikuwa naishi Pongwe na kuuza katika duka la dawa kule Ngamiani, Tanga mjini, zaidi ya kilometa kumi kwenda na nyingine kama hizo kurudi. Mgeni akifika Tanga hushangaa kuona wanawake wamevaa baibui na kupanda baiskeli kwenda kazini, sokoni hata msibani. Kwetu hilo si habari. Mji ni tambarare, na nauli ya daladala ya kwenda na kurudi kila siku, kwa mshahara wa muuza dawa, inauma. Baiskeli yangu ilikuwa mtumba wa Japani, kaka yangu alininunulia Dar es Salaam: fremu ya kike, kikapu mbele, taa ya dainamo, kufuli lenye ufunguo wake kwenye gurudumu la nyuma, na stika ya maandishi ya Kijapani ambayo sikutaka kuibandua. Niliipenda sana. Asubuhi, jua bado halijawa kali, nikishapita Maweni barabara inateleza yenyewe, nafika kazini kichwa kimetulia kabisa. Kwa hiyo lile gurudumu lilipoanza kuniharibia safari, lilinikera kuliko nilivyoweza kumweleza mtu.

Tairi lililokuja na baiskeli lilikuwa limelika mpaka nyuzi zimetokeza. Nilikwenda duka moja la vipuri mjini. Mwenye duka akaligusa kwa kidole, akasema, "Hizi 27 hazipatikani, dada. Chukua 28, inaingia. Wenye baiskeli za Kijapani wote wanafunga hiyo." Na kweli liliingia. Kijana wake alilivisha kwa mikono mitupu, bila chuma cha kubandulia, kwa muda mfupi kuliko niliotumia kutoa pesa kwenye pochi.

Fundi wa kwanza kumwonyesha alikuwa pale Pongwe, kando ya barabara. Alizungusha gurudumu, akalitazama likipanda na kushuka, akatoa hukumu: ringi imepinda. Akachukua spana ya spoku, akakaza hapa, akakaza pale. Nikampa pesa yake. Kesho yake linaruka vilevile. Nikaenda kwa mwingine, naye akakaza. Baada ya hapo spoku zikaanza kukatika, upande wa mnyororo, pale zinapojikunja kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu. Halafu ikaja pancha. Si pancha ya kuishiwa upepo ghafla. Ni ile ya kuondoka nyumbani tairi gumu na kufika mjini limelegea. Nikazibiwa, ikavuja tena karibu na palepale.

Niseme hapa kitu ambacho si lawama kwa mafundi wale. Baiskeli ya Kijapani ni kazi kuitoa gurudumu la nyuma. Kwenye ekseli moja kuna stendi, keria, mkono wa breki, kava la mnyororo. Fundi anayelipwa pesa ya pancha hawezi kufungua vyote hivyo. Anabandua tairi upande mmoja, anavuta tyubu nje, anaziba, anarudisha. Kwa hiyo hakuna hata mmoja aliyewahi kuiona ringi yangu ikizunguka peke yake, bila tairi.

Siku ya siku ilikuwa asubuhi, nimeshapita Kange, ambako siku hizi mabasi ya mikoani yanatoka. Nilisikia kwanza kitu kinagusa fremu nyuma, tch, tch, tch, kisha mlio kama wa bunduki. Watu wakageuka. Mimi nilibaki wima kwa rehema za Mungu tu, maana gurudumu liliteleza likataka kunitupa katikati ya barabara, na lori lilikuwa nyuma yangu. Nilipoinama kutazama, ukingo wa tairi ulikuwa umeshavuka ringi na kutoka nje, na tyubu imechanika mpasuo wa kiganja kizima. Nikampigia simu bosi wangu, nikaanza kusukuma kuelekea Majani Mapana. Hata kusukuma kulikuwa taabu, mpira uliochanika unajizungusha kwenye ekseli.

Majani Mapana kulikuwa na fundi mzee chini ya mkungu. Nilikuwa nampita kila siku na sijawahi kusimama.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mwanangu. Iegemeze hapo, ukae."

Hakuuliza tatizo ni nini. Aliipindua baiskeli juu chini, akafungua stendi, akafungua mkono wa breki, akatoa kava, akatoa gurudumu zima. Sikuwa nimewahi kuona. Akaitandaza tyubu kwenye goti lake na kunionyesha viraka vyangu vya nyuma.

"Vyote viko upande wa tumboni, upande wa ringi. Mwiba unatoka barabarani, mwanangu, hautoki ndani."

Akapitisha kidole ndani ya ringi, akanishika mkono nipitishe changu. Ncha za spoku zilikuwa zimetokeza, kali. Kila fundi alipokaza, spoku ilipanda juu kidogo, mpaka zikatoboa ule utepe wa mpira unaozifunika, zikaifikia tyubu.

Kisha akarudisha gurudumu tupu kwenye fremu, akashika kipande cha chaki karibu na ringi, akazungusha. Chaki iligusa upande mmoja, maana ringi ilikuwa imevutwa kwa kukazwa. Lakini kupanda na kushuka, hakuna. Duara lilikuwa zima.

"Ringi hii hairuki. Walikuwa wanatibu mguu wakati anayeumwa ni kiatu."

Akapaka mafuta ya taa kwenye kitambaa, akafuta ringi mpaka maandishi yakaonekana: 27 x 1 3/8. Akalichukua tairi langu, akaligeuza ubavu. Kwa herufi kubwa limeandikwa 28 x 1 1/2, na chini yake, kwa herufi ndogo ambazo sikuwa nimewahi kuzitilia maanani, 40-635. Akaangua kutoka kwenye tawi tairi kuukuu la Kijapani, akanionyesha lake: 37-630.

"Hii ya mbele ni unene. Hii ya mwisho ndiyo ya kutazama. Ni kipimo cha lile duara ambapo tairi linakalia ringi, kwa milimita. Lako limezidi tano."

Milimita tano ni kitu gani, nikafikiri. Akalivisha lile la 28 kwenye ringi, bila tyubu, akalivuta upande mmoja. Upande wa pili pakabaki uwazi. Akachomeka spoku kwenye uwazi ule, ikapita bila kugusa kitu. Milimita tano kwenye kipenyo ni karibu sentimita moja na nusu ya ziada ukilizunguka tairi lote. Likijazwa upepo halina pa kujishika: sehemu moja linapanda, nyingine linazama, ndiko kuruka kule. Na ukingo uliopanda unaendelea kupanda kidogo kidogo, uzito wa mtu uko juu yake na lami ina joto, mpaka siku unapovuka.

Alikaa na gurudumu langu mpaka karibu adhuhuri. Alilegeza spoku zote, akatia mbili mpya, akazikaza upya taratibu huku chaki ikimwongoza. Ncha zilizotokeza akazipiga tupa. Akakata utepe kutoka tyubu kuukuu, akauzungusha ndani ya ringi, akatia na tyubu mpya. Lile tairi la kwenye tawi lilikuwa na nyufa ubavuni lakini waya zake nzima. Kulivisha alihitaji vyuma viwili na goti. Nilipopanda kwenda kazini, gurudumu lilikwenda kimya, na nilitaka kulia kwa furaha barabarani.

Jioni nilipita kwa mwenye duka na tairi lake mkononi. Nikamwonyesha namba zote mbili. Akasema kilichotumika hakirudi, na kila mtu anafunga hiyo. Nilimwambia kuna mama anapakia mtoto wa shule kwenye keria juu ya tairi kama hili, na lori liko nyuma yake. Akaendelea kuhesabu pesa zake. Hasira ile ninayo mpaka leo, kwa sababu namba imeandikwa pale pale, ubavuni, na kuisoma hakugharimu kitu.

Tairi nikalipeleka kwa yule mzee, aliyesema halina kosa lolote, limekosa gurudumu lake tu. Siku chache baadaye alipata muuza madafu mwenye baiskeli ya Phoenix, ringi ya 28. Nilikuwepo wakati analivisha. Safari hii lilikataa mikono, likataka vyuma, na lilipojaa upepo mzee alilizungusha mbele ya chaki na halikupanda wala kushuka. Muuza madafu akapakia mzigo wake, akalipa nusu ya bei niliyonunulia. Nikapata pesa ya kulipia ile tyubu mpya, na iliyobaki mzee akaikata kwenye deni la zile spoku mbili.